Mikebe Mitano ya Kidevu

Weka kikombe chini, wewe uliyekaa hapo, nikutege. Nina mwanamume wangu: taa ikizimwa anafufuka, taa ikiwashwa anakufa. Anapigwa ngumi kila Jumamosi, na Jumamosi inayofuata uso wake ni mzima kama yai. Kaoa mbele ya watu mia nne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumshika mkono. Nani huyo?

Umesema jini? Wapi! Popo? Popo haoi mbele za watu. Umeshindwa, nipe mji wako niutawale. Ni stelingi wa picha. Tena si stelingi yeyote tu, ni Kidevu.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye bango mlangoni, refu, lenye herufi zisizotaka kukaa pamoja, na mimi niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Tukamwita Kidevu, maana kidevu chake kilitangulia kuingia chumbani, mwenyewe akafuata baadaye. Nilikuwa mkata tiketi katika ukumbi ule wa sinema, na kwa miaka kumi na tano nilimwona Kidevu akipigana kila Jumamosi saa tisa mchana. Picha nyingine zilikuja zikaondoka. Yeye alibaki. Tukiweka picha mpya, watu wanapiga miluzi mpaka Kidevu arudishwe.

Hadithi yenyewe nyepesi. Kidevu ni mbeba mabarafu kiwandani. Anajifunza ngumi kwa kupiga vipande vya barafu. Halafu anaoa, na siku ya harusi ana plasta juu ya jicho la kushoto. Halafu anapigana na jitu moja tulilolipa jina la Kabati, anapigwa mpaka anachanika juu ya jicho hilohilo. Halafu, na hapo ndipo wanawake tulipokuwa tunashikana mikono, anakwenda kwenye duka la dobi ambako mke wake anafanya kazi, anavua kofia kama mgeni, na kumwuliza, "Samahani dada, hapa mnafua mashati?" Nyuma ya yule dada yamening'inia mashati mia mbili! Anamtongoza mke wake upya, kama hajawahi kumwona. Kisha anarudi ulingoni na kumlaza Kabati chali.

Picha ilikuwa ya lugha ya mbali, hatukuelewa neno. Aliyetuelewesha ni Fundi Picha, kijana mwembamba aliyeendesha mashine. Alikuwa anatoa kichwa kwenye kidirisha cha juu anapiga kelele: "Sasa anamwambia Kabati amuage mama yake!" Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, mtu mmoja alisimama akauliza, "Fundi, mbona anamsalimia mkewe kama hamjui?" Fundi akatoa kichwa: "Ameaibika kwa kupigwa! Anaona hamstahili tena, anaanza kumtongoza upya! Mwanamume wa kweli hamalizi kutongoza!"

Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi.

Basi mtaa wetu ukageuka. Waume walionuniwa walikuwa wanatoka nje, wanabisha hodi kwenye milango yao wenyewe, wanauliza kama hapo wanafua mashati. Na maharusi? Kila bwana harusi alibandika plasta juu ya jicho la kushoto. Marehemu mume wangu alinioa na plasta, na hakuwa na hata chunusi. Mama mkwe wangu, aliyetoka mbali, alilia akidhani tumempiga mwanawe.

Aliyempenda Kidevu kuliko sisi wote ni mdogo wangu. Ni fundi cherehani, mtaa mzima unamwita Sindano, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake. Katika droo ya cherehani, kati ya vifungo na chaki, ana kipande cha bango chenye uso wa Kidevu tangu akiwa msichana. Mumewe alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila alikuwa bubu wa ndoa. Kabla ya harusi alimwuliza kila kitu: unapenda rangi gani, umelala vipi, umekula? Baada ya harusi, miaka thelathini, hakumwuliza tena kitu chochote isipokuwa ufunguo uko wapi. Sindano akimtazama Kidevu ananiambia, "Dada, ona. Yule ameoa na bado anauliza."

Sasa twende haraka, maana uzee huja kwa kuruka ngazi. Ukumbi ulifungwa ukawa ghala la magodoro. Sindano akabaki mjane, Fundi Picha akabaki mgane, na mwaka huu, mwezi wa tatu, Fundi akaanza kuleta suruali kwa Sindano ipunguzwe kiuno. Suruali moja ileile. Jumatatu ipunguzwe, Jumatano ipunguzwe, Ijumaa ipunguzwe. Nilikuwa hapo barazani namenya njegere nilipomwambia, "Fundi, hiyo suruali sasa itamtosha mtoto wa chekechea."

Akakohoa. Akamtazama Sindano aliyekuwa anakanyaga cherehani, akasema kwa sauti ya mtu anayesalimisha silaha, "Sindano, unanitaka au hunitaki?"

Njegere zote zikanimwagika.

Sindano hakuinua hata kichwa. "Acha nimalize upindo huu," akasema.

Upindo ule, mwenzangu, ulichukua miezi mitatu. Kila nikimuuliza anasema, "Dada, huoni? Tangu aliponiuliza lile swali, kila siku anakuja kuniuliza mengine. Nimeamkaje, macho yanaumaje, nimekunywa chai? Nikimjibu atanyamaza. Wanaume wakishajibiwa wananyamaza. Angekuwa kama Kidevu, ningemjibu siku ileile."

Maneno hayo nilimfikishia Fundi, ndiyo, mimi, wala sioni haya. Fundi akashika tama. "Miaka arobaini," akasema, "nashindana na mtu wa mwanga. Namuwasha mimi, namzima mimi, na bado ananishinda." Kisha macho yakamng'aa. "Shemeji, nitamwonyesha Kidevu tena. Kwenye ukumbi uleule. Picha ikiisha namuuliza mara ya pili. Akisema hapana, suruali yangu naichukua na sitamsumbua maisha yangu yote."

"Shemeji wa nani, hujajibiwa!" nikamwambia, lakini moyo wangu ulishaanza kucheza.

Mikebe mitano ya picha ilikuwa chini ya kitanda chake. Tulipofungua wa kwanza ikatoka harufu ya siki mpaka paka akahama. Picha imegandana, imekuwa kitu kimoja kama sabuni ya mche. Fundi akakaa sakafuni kama aliyefiwa. Hapo ndipo mjukuu wangu, muuguzi, alipotusaidia. Huyu binti akitafuta kitu kwenye kompyuta yake hakijifichi. Siku mbili tu akaja: "Bibi, nimempata Kidevu wenu. Mzima, hana hata mkwaruzo."

Tukakaa sebuleni kwangu watatu, mimi, mjukuu na Fundi, kuijaribu. Kidevu akatokea na barafu begani. Nikapiga kigelegele. Fundi akapangusa macho. Halafu, mara baada ya barafu, likatokea duka la dobi. Kofia ikavuliwa. "Samahani dada..."

"Aah, wameruka," nikasema. "Harusi iko wapi?"

Tukaangalia. Duka la dobi, kisha pambano la kwanza, jicho likachanika. Ndipo ikaja harusi, na plasta juu ya jicho lililochanika. Ndipo pambano la mwisho.

Fundi alikuwa amekauka kama gogo. Mjukuu wangu akageuka taratibu. "Babu Fundi, mikebe ilikuwa na namba?"

"Ilikuwa na vibandiko," akasema. "Kutu ilikuwa imevila. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, watu mia nne wanapiga miluzi chini, nikapanga kwa kukisia." Akahesabu kwa vidole. "Wa pili nikauweka wa nne. Wa nne nikauweka wa pili."

"Kwa hiyo plasta ilikuwa..."

"Ilikuwa plasta."

"Na yule dada wa duka, alikuwa..."

"Hamjui! Alikuwa hamjui kwelikweli! Ndiyo kwanza wanakutana!"

Nikaanza kucheka. Nilijaribu kujizuia, nikauma leso, wapi. Nilikumbuka marehemu mume wangu amesimama na plasta yake kama shujaa, nikacheka mpaka nikateleza kwenye kiti. Mjukuu wangu mbavu hana. Lakini Fundi hakucheka. Akasema polepole, "Sindano akijua, ataona hata huyo Kidevu wake ni uongo wangu. Mwanamume anayeoa na bado anauliza hayupo duniani. Nimemdanganya miaka arobaini, na leo nataka anioe."

"Anaolewa, haoi," nikamsahihisha.

"Kwa hali hii, shemeji, yeyote atakayeamua kuoa na aoe."

Mjukuu wangu akasema si neno, anaweza kuikata vipande na kuipanga kama ya zamani, hakuna atakayejua. Akafanya hivyo. Kwenye kioo cha kompyuta yakawa majina mawili, juu ile halisi, chini ile ya Fundi. Tukaapa watatu kufunga mdomo. Mimi kufunga mdomo! Siku tatu zile nilikula chakula huku nimeinama nisimtazame mdogo wangu usoni.

Naye Sindano, bila kujua lolote, alikuwa anashona pazia la picha. Alipoambiwa Kidevu anarudi alishika mashavu kama binti wa miaka kumi na minne. Akachukua majora ya kitambaa cheupe, akapima, akakataa kuunganisha katikati. "Mshono hautapita usoni kwake," akasema. Akaunganisha pembeni, mishono miwili myembamba, upindo chini wenye kamba ya kuvutia lisikunjane. Kazi safi mpaka nikaona wivu.

Mwenye ghala alikubali kabla hatujamaliza kuomba. Kumbe na yeye, utotoni, alikuwa anakaa safu ya mbele kabisa. Akasukuma mirundo ya magodoro ukutani, akatandika mengine sakafuni watu wakalie, bado yamo kwenye nailoni. Jumamosi, saa tisa mchana, watu wakafurika. Wazee wa magongo, wanawake niliowakatia tiketi wakiwa wasichana, na wajukuu zao waliokuja kuona hicho kichaa ni cha nini. Kila mtu akijigeuza, nailoni inalia kwacha-kwacha. Mwalimu mstaafu alikuja na plasta juu ya jicho. Mkewe akamwambia, "Mzee, toa hiyo, unatuaibisha." Akajibu, "Ulinipenda nayo."

Sindano alikaa katikati, gauni jipya, mkono umeshika kipande cha bango. Fundi alikuwa amesimama kando ya ukuta na shati lililonyooshwa mpaka linaweza kukata mkate. Mjukuu wangu aligundua waya wa projekta umelegea ukutani, usiposhikwa unachomoka. Akaushika kwa mikono miwili, akaninong'oneza, "Bibi, bonyeza wewe. La chini. La chini, Bibi."

Mwenzangu, nilikuwa natetemeka kwa furaha. Madirisha yakafunikwa, giza likaingia, watu wakaanza miluzi kama zamani. Nikabonyeza.

Barafu begani! Ukumbi ulilia. Mzee mmoja aliyeletwa kwa kushikwa mikono pande mbili alisimama peke yake akarusha ngumi tatu, chupu-chupu amng'oe jirani yake meno, ingawa meno yenyewe yalikuwa ya kuvaa. Wakahesabu pamoja kila kipande cha barafu Kidevu alichopasua: kimoja, viwili, vitatu! Watoto nao, ambao nusu saa iliyopita walikuwa wanapiga miayo, sasa wanapasua barafu hewani.

Halafu likaja duka la dobi.

Nilikuwa nimebonyeza la juu.

"Wee!" mtu akapiga kelele. "Wameruka!"

"Harusi iko wapi?"

"Nirudishieni harusi yangu!" akalia mwenye ghala. "Sikutoa magodoro yangu nione mambo nusunusu!"

"Mbona anamtongoza kabla hajamuoa? Adabu gani hii?"

Nailoni zote zikalia kwa wakati mmoja. Mjukuu wangu, mikono bado kwenye waya, akasema kwa meno yaliyobanwa, "Babu Fundi, sema kompyuta imekosea. Watakuamini." Na kweli wangemwamini. Wote walikuwa wanaitukana ile kompyuta tayari. Mwalimu mstaafu anasema vitu vya siku hizi havina utaratibu.

Nikamwona Fundi anafungua mdomo. Nikamwona anamtazama Sindano. Halafu akapiga moyo konde, akatembea juu ya magodoro, anayumba kama mlevi kwa ulaini wake, mpaka akafika mbele ya pazia. Mwanga ukampiga, duka la dobi likatandika mashati mia mbili juu ya kifua chake.

"Kompyuta haijakosea," akasema. "Picha ndivyo ilivyotengenezwa. Mikebe ilikuwa na kutu. Niliipanga vibaya siku ya kwanza, na nikaipanga vibaya kila Jumamosi kwa miaka kumi na tano."

Hata nailoni haikulia.

"Na plasta?" akauliza mwalimu mstaafu kwa sauti ndogo, mkono juu ya jicho.

"Alichanika, mwalimu. Ilikuwa dawa."

"Ee Mungu wangu," akasema mwalimu.

Sindano akasimama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pamoja na kidole changu. Akauliza, "Fundi. Kwa hiyo yule bwana hakurudi kumtongoza mkewe?"

"Hakurudi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Akishaoa, anapigana, picha inaisha."

"Na yale uliyokuwa unatuambia kidirishani? Kwamba ameaibika, anaanza upya, kwamba mwanamume wa kweli hamalizi? Mimi nilidhani unatafsiri."

"Natafsiri nini, Sindano? Sijui hata neno moja la lugha ile! Niliona mtu ana mke, halafu anamwuliza mkewe habari kama mgeni. Nikajiuliza, mtu wa namna gani anafanya hivi? Jibu lililonijia ndilo nililolisema." Akapangusa jasho kwa mkono wa shati lile. "Nilisema lililokuwa kichwani mwangu. Kidevu hana habari nalo. Nisamehe."

Sindano alikitazama kile kipande cha bango mkononi. Akamtazama Fundi. Akatazama bango tena, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili kwenye mwanga. Sikuweza kuusoma uso wake, na uso ule nimeusoma tangu akiwa kwenye kanga mgongoni kwa mama.

"Dada," akaniita bila kugeuka.

"Abee."

"Weka ile ya Fundi."

"Ya Fundi!" ukumbi ukaitikia. "Weka ya Fundi! Ya Fundi!" Wazee wanapiga magodoro kwa ngumi, watoto wanapiga magodoro kwa miguu, mwenye ghala anasema jamani nailoni, jamani nailoni, huku na yeye anapiga. Mwalimu mstaafu akaibandika plasta yake vizuri zaidi.

Safari hii mjukuu wangu alikiongoza kidole changu kwa macho mpaka kikatua panapotakiwa. Barafu, ngumi, kelele. Harusi na plasta, vigelegele mpaka bati linatetemeka. Kabati, jicho likachanika, watu wakazomea Kabati kwa matusi ya enzi zilezile, yaliyohifadhika vizuri kuliko mikebe. Halafu duka la dobi.

Fundi alikuwa bado amesimama palepale mbele, amesahau kukaa, kichwa chake kimekula kona ya pazia. Watu walimngoja atamke. Naye akawa anamtazama Sindano tu.

"Fundi!" nikamwambia. "Sema! Anafanya nini huyo bwana?"

Akasafisha koo. Sauti ikatoka ileile ya kidirishani, imekwaruza kidogo tu. "Anauliza," akasema. "Ameshaoa, lakini bado anauliza. Anataka kujua ameamkaje. Anataka kujua macho yake yanaumaje. Kesho atauliza tena, na kesho kutwa, hata akijibiwa."

Wanawake wote wa rika langu tukashikana mikono gizani kama tuna miaka ishirini. Mimi nilishika mkono wa mtu nisiyemjua, nikaubana mpaka akapiga yowe.

Sindano akapenyeza kichwa kati ya watu wawili waliokaa mbele yake.

"Fundi!" akaita, kwa ile sauti ya kumwita mteja aliyesahau risiti. "Lile swali lako la mwezi wa tatu."

"Naam," akasema Fundi.

"Nakutaka. Sasa inama, unaniziba Kidevu."